Ukakasi Uliobaki kwenye Mashudu

Ukitafuna punje ya zabibu pamoja na mbegu yake, utamu hukatika katikati. Unakuja uchungu kidogo, halafu ukakasi: ulimi unakauka na fizi zinakaza kama umeuma ndizi mbichi. Wengi hutema. Kile wanachotema kimejengewa viwanda ng'ambo, na siku hizi kinarudi kwetu ndani ya vichupa vya mililita 30 vyenye maandishi ya dhahabu.

Ukakasi huo ndio ulioyapa jina mafuta ya mbegu za zabibu. Muuzaji wa vipodozi vya asili, awe Kariakoo au katikati ya Nairobi, atakuambia kwamba mafuta haya yanachelewesha uzee, yanafuta madoa na kukuza nywele. Ukimuuliza kwa nini, atajibu kwamba mbegu ya zabibu imejaa viini vinavyozuia seli zisichakae. Hajasema uongo, mbegu imejaa kweli. Lakini hebu chukua mafuta yenyewe, yale ya kupikia, maana huliwa pia, uweke tone ulimini. Ni laini, karibu hayana ladha, na mdomo unabaki na mate yake. Ukakasi haumo. Ulimi umeshakupa jibu ambalo lebo haikukupa, na mjadala ungeishia hapo kama mafuta haya yasingekuwa na sifa nyingine, ya kwao hasa, ambayo haitangazwi sana.

Kabla ya kuifikia sifa hiyo, tuone mafuta haya yanakotoka. Yanatoka kwenye makapi. Huko Ufaransa, Italia na Hispania, ambako zabibu hukamuliwa kwa maelfu ya tani ili kupata mvinyo, kila msimu hubaki malundo ya maganda, vikonyo na mbegu. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo mno. Kilo 100 za zabibu hutoa kilo tatu hadi tano hivi za mbegu, na mafuta yaliyomo hayajazi chupa ya lita moja. Ndiyo maana hakuna mkulima anayepanda mizabibu kwa ajili ya mafuta. Mvinyo ndio unaolipa gharama za shamba, na mafuta hufuata baadaye, pale mtu anapoyatazama yale malundo na kujiuliza kama yanafaa kitu zaidi ya mbolea.

Kuyatoa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukausha mbegu, kuzichekecha na kuzikamua kwa mashine bila kuzichoma. Mafuta yanatoka na rangi ya kijani na harufu hafifu ya tunda. Ya pili ni kuziloweka katika heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta yote yaliyomo, halafu heksani ikaondolewa kwa joto na mafuta yakasafishwa mpaka yakabaki karibu hayana rangi wala harufu. Mengi yanayouzwa duniani ni ya njia hii ya pili. Hayana ubaya. Ila yakipakiwa kwenye kichupa chenye picha ya shamba la mizabibu na neno "asilia", mnunuzi ana haki ya kujua kwamba yamepita kiwandani.

Sasa turudi kwa sifa ile ya kuazima, ile ya ukakasi. Mtu wa kwanza kuishughulikia kwa kina alikuwa Jack Masquelier, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Bordeaux. Mwaka 1947 alichunguza ngozi nyembamba nyekundu inayofunika karanga na kupata ndani yake viini vya jamii ya polifenoli. Baadaye alivikuta pia kwenye magome ya misonobari na kwenye mbegu za zabibu. Miongo kadhaa ikapita. Mwaka 1993, katika shamba la mizabibu la Château Smith Haut Lafitte karibu na Bordeaux, Mathilde Thomas, ambaye wazazi wake ndio walikuwa wenye shamba, aliambiwa na Profesa Joseph Vercauteren kwamba mbegu wanazotupa ni hazina. Miaka miwili baadaye yeye na mumewe walianzisha kampuni ya Caudalie, na biashara ya urembo wa zabibu ikapata hadithi yake: shamba, msomi, mwanamke kijana, na hazina iliyokuwa jalalani.

Hadithi ni nzuri. Shida ni kwamba hazina ile ilikuwa polifenoli, na polifenoli huyeyuka katika maji na katika pombe, si katika mafuta. Mvinyo mwekundu unazibeba, na ndiyo maana nao unakausha ulimi. Mbegu inapokamuliwa, sehemu kubwa ya polifenoli hubaki kwenye mashudu, yale makapi makavu yanayotoka upande wa pili wa mashine. Kinachoingia kwenye chupa ya mafuta ni masalia tu. Anayetaka polifenoli za zabibu anunue krimu iliyotengenezwa kwa dondoo la mbegu au, kwa gharama ndogo kuliko zote, ale zabibu na asiteme.

Hata ahadi ya kukuza nywele imetokea mlango huohuo. Mwaka 1998 watafiti wa Kijapani huko Tsukuba, wakiongozwa na Tomoya Takahashi, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba prosianidini, aina ya polifenoli, zilizotolewa kwenye mbegu za zabibu ziliamsha vishina vya nywele vya panya walionyolewa. Tuangalie vizuri kilichopakwa na aliyepakwa. Kilichopakwa kilikuwa dondoo, ukakasi uliokolezwa, na aliyepakwa alikuwa panya. Kutoka hapo hadi kwenye kichupa kinachomwahidi mama mwenye kipara cha pembeni, kipara kilicholetwa na miaka ya kusuka kwa kuvuta, kwamba nywele zitarudi, pana safari ndefu iliyorukwa kwa hatua moja. Kipara cha namna hiyo dawa yake ya kwanza ni kuacha kuvuta, na ya pili ni kumwona daktari wa ngozi mapema, kabla vishina havijafa.

Basi ndani ya chupa kuna nini? Kwa sehemu kubwa, asidi ya linoleiki. Kati ya asilimia 65 na 75 ya mafuta haya ni asidi hiyo, na ni mafuta machache yanayofikia kiwango hicho. Hapa kuna kisa kingine, kisicho na shamba wala dhahabu, ambacho mimi nakipenda zaidi. Mwaka 1929, huko Minnesota nchini Marekani, mtu na mkewe, George na Mildred Burr, waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta hata chembe. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mafuta ni nishati tu, na kwamba mwili unaweza kujitengenezea yote unayohitaji. Panya wale wakaanza kuharibika. Mikia ikatoka magamba, ngozi ikapukutika, wakadumaa. Wakawa wanakunywa maji mengi kuliko kawaida ilhali mkojo hauongezeki. Yale maji yalikuwa yanapotelea wapi? Yalikuwa yanatoka kwenye ngozi. Ngozi haikuweza tena kuyazuia. Akina Burr walipowarudishia panya matone machache ya mafuta yenye asidi ya linoleiki, walipona.

Sayansi ya miaka iliyofuata ilieleza sababu. Tabaka la juu kabisa la ngozi limeundwa na seli zilizokufa, na kati yake kuna aina ya nta inayozishikamanisha na kuziba njia za maji. Sehemu muhimu ya nta hiyo ni seramidi ambazo mwili hauwezi kuzikamilisha bila asidi ya linoleiki, na asidi hiyo mwili hauwezi kuitengeneza. Lazima itoke nje. Kwa kawaida hutoka kwenye chakula. Ila ngozi nayo hupokea kiasi inapopakwa, hasa ikiwa imepungukiwa.

Hapo ndipo mafuta ya mbegu za zabibu yanapopata haki yao. Kwa ngozi iliyokauka na kuchubuka, yakipakwa mara baada ya kuoga wakati mwili bado una unyevunyevu, yanatandaa upesi, hayang'ang'anii nguo, na yanaacha ngozi ikiwa laini bila ule mng'ao wa kukaangwa. Kwa mwenye ngozi ya mafuta anayeogopa kupaka chochote usoni, ni chaguo la busara. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani, Donald Downing na wenzake, walieleza kwamba mafuta ya asili yanayotoka kwenye vinyweleo vya watu wenye chunusi yana upungufu wa asidi ya linoleiki. Haimaanishi kwamba kupaka mafuta ya zabibu kunaponya chunusi. Inamaanisha kwamba kati ya mafuta ya kujipaka, haya hayana sababu kubwa ya kukuudhi. Na kama umewahi kukutana na vile vipimo vya sifuri hadi tano vinavyodai kuonyesha ni mafuta gani yanaziba vinyweleo, ujue chimbuko lake ni sikio la sungura. Wataalamu walipaka vitu mbalimbali ndani ya masikio ya sungura na kuhesabu vipele. Sungura si shangazi yako. Jaribu mafuta kwenye sehemu ndogo nyuma ya sikio lako mwenyewe, usubiri siku mbili, ndipo uamue.

Lakini nikishasema haya, siwezi kunyamazia lililo rafuni jikoni. Mafuta ya alizeti, yale ya kawaida yasiyotokana na mbegu zilizobadilishwa ili ziwe na oleiki nyingi, nayo yana asidi ya linoleiki kwa wingi. Hutegemea mbegu na hali ya hewa. Jua kali wakati mbegu inajaa hupunguza linoleiki na kuongeza oleiki, kwa hiyo ya Singida huenda yakawa chini kidogo ya yale ya nchi za baridi. Hata hivyo ni jamaa wa karibu. Tena ndiyo yaliyofanyiwa majaribio mazito zaidi kwenye ngozi ya binadamu. Katika hospitali ya watoto huko Dhaka, Bangladesh, watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikandwa mwili kwa mafuta ya alizeti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba maambukizi ya hospitalini kwa watoto hao yalipungua kwa asilimia 41 yakilinganishwa na wale ambao hawakupakwa. Ngozi iliyokamilika ni ukuta, na vijidudu havikupata pa kupenya. Kazi ile ilifanywa chini ya usimamizi wa madaktari, kwa mafuta maalumu, kwa hiyo mwenye kichanga njiti asikimbilie dumu la barabarani. Mwaka 2013 watafiti wa Sheffield, Uingereza, waliyapambanisha mafuta ya alizeti na ya zeituni kwenye mikono ya watu wazima. Zeituni, pamoja na heshima yake yote, ililegeza ule ukuta. Alizeti iliuacha salama.

Mtu akiniuliza kwa nini alipe bei ya mililita 30 za zabibu wakati lita ya alizeti ipo, nitampa sababu moja tu ya kweli: wepesi. Mafuta ya zabibu yaliyosafishwa hayana harufu ya jikoni na yanatoweka mkononi haraka. Ni raha, na raha ina bei yake. Lakini tuiite raha, tusiiite tiba.

Ukipita Dodoma msimu wa mavuno utaelewa kwa nini jambo hili linanigusa. Zabibu huuzwa kwenye beseni kando ya barabara, nyeusi na bado zina ule unga mwepesi juu ya ganda. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walikuwa miongoni mwa walioipanda mizabibu huko karne iliyopita; leo Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na mkoa una viwanda vya mvinyo. Ardhi ile huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Bordeaux halijui. Na katika mkoa huohuo, hadi Singida, kuna mashine ndogo za kukamua alizeti karibu kila mji. Mtu huona vitu hivi viwili vikiwa jirani na moja kwa moja akapiga hesabu: makapi kule, mashine hapa. Hesabu hiyo si rahisi kama inavyoonekana. Mbegu ya zabibu ni ngumu, mafuta yake ni kati ya sehemu ya kumi na ya sita ya uzito wake, chini sana ya alizeti, na makapi mabichi yakilala siku chache bila kukaushwa hushika ukungu. Atakayeifanya kazi hiyo atahitaji kukausha siku ileile na kuuza kwa wenye vipodozi, si kwa wenye vikaango. Natamani aifanye. Lakini ajue pia kwamba thamani kubwa zaidi huenda iko kwenye mashudu, yale yenye ukakasi, kuliko kwenye mafuta.

Pwani kuna swali jingine ambalo wauzaji hulikwepa: mafuta yaliyotokana na mabaki ya mvinyo yana hukumu gani? Mvinyo mweupe kwa kawaida hukamuliwa kwanza na makapi yakatolewa kabla juisi haijachacha; mwekundu huchacha pamoja na maganda na mbegu zake. Hayo ndiyo maelezo ya kiwandani. Hukumu ina wenyewe, na mwenye kujali amuulize sheikh wake akiwa na maelezo hayo mkononi.

Kwenye nywele, kesi ni tofauti, na hapa mafuta yetu ya zamani yanashinda. Nimekaa kwenye kigoda cha msusi, kichwa kimegawanywa mistari, nikampa kichupa changu cha zabibu. Alimimina kidogo kiganjani, akasugua viganja, akapitisha kwenye nywele kutoka kwenye shina hadi nchani, akatazama. "Dada, haya yanateleza juu juu. Yanang'arisha, lakini hayaingii. Ningekuwa wewe ningetanguliza nazi."

Hakuwahi kusoma jarida lolote la vipodozi, lakini alichosema kilichapishwa mwaka 2003. Watafiti wawili wa India, Aarti Rele na R. B. Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini katika kuzuia nywele zisipoteze protini zinapooshwa na kuchanwa. Ni nazi pekee iliyofanikiwa. Walikuwa waajiriwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi, na ni vizuri msomaji alijue hilo, lakini maelezo yao yanaeleweka. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, molekuli fupi iliyonyooka inayopenya ndani ya unywele. Linoleiki ni ndefu na imepinda, inabaki nje. Zabibu, iliyojaa linoleiki, ina hali ileile ya alizeti.

Kubaki nje si dhambi. Nywele zetu za kipilipili hukatika zaidi pale zinapokwaruzana, na mafuta mepesi yanayoteleza juu huzipunguzia msuguano wakati wa kuchana au kufumua. Ila mpangilio ni muhimu. Anza na maji, maana hakuna mafuta yanayotia maji kwenye nywele. Kazi yake ni kuyachelewesha yasitoke. Nazi usiku kabla ya kuosha, zabibu kidogo mwishoni baada ya nywele kukauka nusu. Katika nyumba za Lushoto au Limuru, ambako nazi huganda asubuhi na kuacha chembe nyeupe kwenye mistari, zabibu ina faida kwa sababu haigandi. Na mwenye mba asiisugue kwenye ngozi ya kichwa akidhani anailainisha. Kijidudu kinachohusika na mba huishi kwa kula asidi za mafuta, na utakuwa unakiandalia chakula.

Limebaki la kuharibika, na hili ndilo linalonikera kuliko yote. Asidi ya linoleiki, ileile inayofanya mafuta haya yafae ngozi, ndiyo inayoyafanya yachoke upesi. Hewa, mwanga na joto huivunja. Mafuta yaliyovunjika hunuka rangi ya kupaka ukuta, na ukiyapaka unaipelekea ngozi kitu cha kuiwasha, si cha kuilinda. Sasa angalia yanavyouzwa: vichupa vyeupe vinavyopenyeza mwanga, vimepangwa dirishani, jua la saa nane likivipiga. Mengi yamemiminwa kutoka kwenye madumu makubwa yaliyosafiri baharini, na tarehe iliyobandikwa, kama ipo, ni ya siku ya kumimina. Alizeti ya barabarani nayo inapata adhabu hiyohiyo. Ukinunua, chagua chupa nyeusi au ya kahawia, ndogo, uifunge vizuri na kuiweka kabatini au kwenye friji. Ikianza kunuka, imwage.

Na nyinyi mnaomimina na kubandika lebo, ombi langu ni dogo. Andikeni mambo matatu: mafuta yamekamuliwa tu au yamesafishwa kiwandani, yametoka nchi gani, na yalikamuliwa lini. Mkishaandika hayo, hata picha ya shamba mnaweza kuibakiza.